Tanganyika Chini ya Mwingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara. Huletwa na wanafunzi wa sekondari, na watu wanaoandika historia ya ukoo wao, na wenye kesi ya shamba la urithi. Wengine wanataka tu kujua babu yao alikuwa nani mbele ya Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Majibu yanahusu Tanganyika kati ya 1919 na 1961. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye ubishi. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Je, Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza?

Kisheria haikuwa. Kwa Mkataba wa Versailles wa 1919 Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikapewa Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, na pembe ndogo ya Kionga karibu na mdomo wa Ruvuma ikachukuliwa na Wareno. Jina la Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likathibitisha kwamba Uingereza inaitawala kwa dhamana, na mwaka 1946 dhamana hiyo ikahamia Umoja wa Mataifa.

Kwa mkulima aliyedaiwa kodi, tofauti hiyo haikuonekana. Ilionekana kwenye malalamiko. Serikali ilipaswa kupeleka ripoti kwa Shirikisho hilo huko Geneva kila mwaka. Baada ya vita vya pili wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuja kukagua nchi mwaka 1948, 1951 na 1954, na mwananchi aliweza kuwaandikia. Nafasi hiyo ilitumika, kama utakavyoona kwenye swali la 12.

2. Kenya na Zanzibar nazo zilitawaliwa hivyo hivyo?

Hapana. Zanzibar ilikuwa nchi lindwa tangu 1890, na Sultani alibaki kwenye kiti huku maamuzi yakifanywa na Mwingereza aliyekuwa pembeni yake. Kenya iligeuzwa koloni mwaka 1920. Huko walowezi Wazungu walipewa nyanda za juu, na sauti yao serikalini ikawa kubwa mno. Tanganyika nayo ilikuwa na walowezi, hasa Kilimanjaro, Meru, Usambara na Iringa, lakini hawakupata nguvu ya wenzao wa Kenya. Mtu akikusimulia habari za kipande, yaani kitambulisho cha kuvaa shingoni, anazungumzia Kenya. Kipande cha Tanganyika kilikuwa kitu kingine (swali la 8).

3. Waingereza wachache waliwezaje kutawala nchi kubwa kiasi hicho?

Waliitawala kwa mikono ya Waafrika. Vitabu vya shule huuita utaratibu huo utawala usio wa moja kwa moja. Gavana wa kwanza, Horace Byatt, aliendelea kwa sehemu kubwa na mfumo alioukuta. Aliyeugeuza ni Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925 akitokea Nigeria na kuondoka mwaka 1931. Sheria yake ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 iliwapa machifu kazi zenye meno: kukusanya kodi, kuamua kesi, na kutoa amri kwa watu wao.

Amri hizo ziligusa maisha ya kila siku. Kila kaya ilime mihogo kwa ajili ya akiba ya njaa. Vishina vya pamba ving'olewe baada ya mavuno. Pombe isipikwe bila kibali, na ng'ombe waogeshwe. Aliyekaidi alishtakiwa kwenye baraza la chifu yule yule aliyetoa amri, na faini ikaingia kwenye hazina inayomlipa chifu huyo mshahara. Mtu akiuliza kwa nini wazee wengi waliwachukia machifu kuliko walivyomchukia DC, jibu linaanzia hapa. DC alionekana mara moja moja, akiwa safarini na hema lake. Karani wa chifu alikuwepo kila siku.

4. Akida, jumbe, liwali, mtemi: nani alikuwa nani?

Liwali na akida ni vyeo vilivyokuwepo kabla ya Mwingereza. Liwali alikuwa mkubwa wa mji wa pwani. Akida alisimamia vijiji vingi, na chini yake kila kijiji kilikuwa na jumbe. Wajerumani waliwapeleka maakida wa pwani hadi bara, mara nyingi kwenye nchi ambazo watu hawakuwa na ujamaa nao wowote. Cameron aliwaondoa taratibu na kuweka watawala wa asili ya mahali penyewe. Vyeo vya asili vilibaki na majina yake: mtemi kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mangi kwa Wachaga na Wameru, omukama kwa Wahaya. Kwenye makaratasi ya serikali wote waliitwa machifu, na hivyo mtu aliyetawala kilima kimoja na aliyetawala nchi nzima wakawekwa kwenye kundi moja.

## Machifu na makabila

5. Ni kweli kwamba Waingereza ndio walioanzisha makabila?

Majina mengi, lugha, koo na falme vilikuwepo zamani. Hilo lisikanwe. Kilichokuja na utawala ule ni mpaka mgumu. Kabla ya hapo mtu wa Uluguru, Uzigua au Ugogo aliweza kuhama kwa sababu ya njaa, akaoa kwingine, akachukua utani na mizimu ya huko, na wajukuu wake wakawa watu wa huko bila maswali. Ofisi ya wilaya haikuweza kufanya kazi na watu wa namna hiyo. Ilitaka kila mtu awe na kabila moja, kila kabila liwe na chifu mmoja, na kila chifu awe na eneo linaloonekana kwenye ramani.

Penye mfumo wa ufalme, kama Bukoba au Unyamwezi, kazi ilikuwa rahisi. Penye koo zilizojitegemea, kama sehemu kubwa za kusini mashariki, maofisa waliwahoji wazee, wakaandika nasaba, kisha wakamteua mtu. Wazee nao waliona haraka kwamba nasaba iliyoandikwa vizuri ina faida. Mwenye kumbukumbu nzuri, au mwenye mtoto anayejua kuandika, aliweza kuthibitisha kwamba ukoo wake ndio uliostahili kiti. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jambo la kusikitisha zaidi. Historia nyingi za makabila tunazozinukuu leo kama neno la mababu zilisemwa mbele ya ofisa mwenye kalamu, katika kesi ya kugombea cheo.

6. Chifu alilipwa na nani?

Zamani watu walimpa mtawala wao nafaka, pombe, pembe za ndovu na siku za kazi shambani kwake. Chini ya Cameron ushuru huo ulifutwa na kuingizwa ndani ya kodi ya serikali. Sehemu ya kodi ilirudi kwenye hazina ya mamlaka ya wenyeji, na humo ndimo ulimotoka mshahara wa chifu, wa makarani, wa matarishi na wa walimu wa shule za wilaya. Mtawala aliyewahi kulishwa na watu wake akawa mwajiriwa. Aliweza kupunguziwa mshahara au kuondolewa kwenye kiti kwa barua.

7. Fuvu la Mkwawa linaingiaje kwenye habari hizi?

Linaingia kupitia Mkataba wa Versailles wenyewe. Mkataba ule ulikuwa na kifungu kilichoitaka Ujerumani imkabidhi Mwingereza fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 baada ya kupigana na Wajerumani kwa miaka saba. Muda uliowekwa ulikuwa miezi 6. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilipata kwenye jumba la makumbusho la Bremen, na Juni 1954 akalikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga, mbele ya mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Wahehe walikuwa na haki yao, na waliipokea kwa machozi. Lakini tazama mwaka: ni wiki chache tu kabla TANU haijazaliwa, tarehe 7 Julai 1954. Twining aliwaamini machifu kuliko alivyowaamini vijana wa siasa, na sherehe ya Kalenga ilikuwa na kazi ya kisiasa pia.

## Kodi na kazi

8. Kodi ilikuwaje, na manamba walikuwa akina nani?

Kulikuwa na kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Kiwango kilitofautiana wilaya kwa wilaya, na mume wa wake wengi alidaiwa nyongeza kwa kila mke. Aliyelipa alipewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ilitunzwa kuliko nguo, maana mtu aliyekutwa bila hiyo aliweza kukamatwa njiani. Asiyekuwa na fedha aliweza kupelekwa kufanya kazi za serikali mpaka deni liishe.

Mikoa isiyokuwa na zao la biashara haikuwa na pa kupatia shilingi ila kwa kuuza nguvu za vijana wake. Wanaume wa Kigoma, Songea, Rungwe na Singida, pamoja na wengine kutoka Burundi na Msumbiji, waliandikishwa kwa mkataba na kusafirishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Lindi. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo asili ya jina manamba. Kuanzia 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na shirika lao la kuandikisha watu, lililojulikana kama SILABU.

Kipande cha shambani kilikuwa kadi ya kuhesabia siku. Mfanyakazi alimaliza siku 30 za kazi, akiruhusiwa kuzitawanya ndani ya siku 42, ndipo alipolipwa. Siku ambayo nyapara hakuitia alama haikulipwa.

9. Utumwa ulikwisha lini?

Katika Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922. Wajerumani waliacha kuikubali kwa watoto waliozaliwa baada ya 1905, lakini waliokuwa watumwa tayari walibaki mikononi mwa mabwana zao. Zanzibar amri ya kwanza ilitoka mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Kwenye pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Ukikuta mzee anasema bibi yake aliwahi kuwa mjakazi, hesabu ya miaka inamkubali.

## Sheria, mila na ardhi

10. Kwa nini kulikuwa na mahakama za aina mbili?

Kwa sababu watu waligawanywa. Mzungu na Mhindi walikwenda kwa hakimu na kufuata sheria zilizoandikwa. Mwafrika mwenye kesi na Mwafrika mwenzake alikwenda baraza la chifu. Sheria ya 1929 iliyaondoa mabaraza hayo kabisa mikononi mwa Mahakama Kuu. Rufaa ilipanda kwa DC, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana, yaani kwa maofisa wa utawala. Mawakili hawakuruhusiwa. Njia hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1963, na mabaraza yakageuka mahakama za mwanzo.

Sheria ya makosa ya jinai, Sura ya 16, ilianza kutumika mwaka 1930 badala ya ile iliyoletwa kutoka India. Imerekebishwa mara nyingi, lakini ndiyo inayotumika Tanzania hadi leo.

11. Nimeambiwa mjane harithi "kwa mila". Mila hiyo imetoka wapi?

Swali hili linaulizwa na wanawake kuliko swali lingine lolote hapa, na jibu lake linastahili nafasi.

Mila zilikuwepo, na kwa makabila mengi ya ukoo wa baba ardhi ilibaki upande wa wanaume. Lakini mila iliyosemwa kwa mdomo ilikuwa na nafasi ya kujadiliwa. Wazee walikaa, wakamtazama mjane, watoto wake, shamba na tabia ya mashemeji, kisha wakaamua. Uamuzi wa leo haukuwa lazima ufanane na wa jana.

Serikali ya kikoloni ilitaka jibu moja. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeajiriwa kuchunguza mila, alizunguka Uhaya na Usukuma akiwahoji wazee na kuziandika mila zao kwa vifungu vyenye namba, kama sheria ya bunge. Aliowahoji walikuwa zaidi wanaume na wenye vyeo. Baada ya Uhuru kazi hiyo iliendelezwa kwa nia ya kuziunganisha mila za nchi nzima, na mwaka 1963 likatoka Tangazo la Serikali namba 436. Humo mmeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo wake, na kwamba matunzo yake yatatoka kwa watoto wake. Mabinti nao wamewekwa daraja la mwisho.

Kwa hiyo kinachosomwa mahakamani kama mila ni mila iliyosimamishwa mahali pamoja na kalamu, na serikali huru ndiyo iliyoitia muhuri. Mahakama zimekwisha kuitikisa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ikishughulikia malalamiko ya wajane wawili wa Kisukuma, iliitaka Tanzania izibadili kanuni hizo. Mwenye kesi na amtafute mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria. Asikubali kuondoka nyumbani kwa sababu tu ameambiwa "ndivyo mila ilivyo".

12. Ardhi ilikuwa ya nani?

Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Gavana, aishike kwa manufaa ya wenyeji. Mtu alipata haki ya kuikalia na kuitumia. Mwaka 1928 ikafafanuliwa kwamba anayeishi kwa mila naye ana haki hiyo hata bila karatasi. Msingi huo haujang'oka. Sheria za 1999 zimemweka Rais mahali pa Gavana, na hati unayopewa leo ni hati ya haki ya kumiliki kwa muda, wala haikupi udongo wenyewe.

Haki isiyo na karatasi ilikuwa na udhaifu wake, na Wameru waliuona. Mwaka 1951 takriban watu 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili nafasi ipatikane kwa mashamba ya Wazungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwasimulia watu alichokisema na alivyosikilizwa, na wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba Gavana ana mkubwa wake anayeweza kushtakiwa kwake.

## Shule, lugha na ofisi

13. Nani alipata kusoma?

Wachache, na kwa sehemu kubwa kupitia misheni. Sheria ya Elimu ya 1927 ilitoa ruzuku kwa shule zilizokubali mtaala na ukaguzi wa serikali. Madrasa hazikuingia humo. Pwani ya Waislamu, ambayo ndiyo iliyowapa Wajerumani makarani na maakida wao, ikapitwa na Kilimanjaro na Bukoba penye makanisa mengi. Malalamiko juu ya pengo hilo yalikuwa na msingi, na bado yanasikika. Shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 ikiwalenga watoto wa machifu. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937.

14. Waingereza ndio waliotupa Kiswahili?

La. Walikikuta kikiwa lugha ya misafara, ya biashara na ya ofisi za Wajerumani. Walichofanya ni kuchagua lahaja moja, Kiunguja, iwe ya vitabu, na kuunda kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930 iliyosimamia tahajia na msamiati. Mvita na Amu, zenye ushairi mrefu wa karne nyingi, ziliwekwa kando. Serikali pia ilianzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, likasomwa kwa sauti vijijini. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu, gazeti la Mwafrika mwenyewe, na lugha ile ile ikaanza kuisema serikali.

15. Makarani Waafrika walikuwa vibaraka?

Neno hilo hutupwa kwa wepesi mno. Martin Kayamba, karani wa serikali, alianzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Francis Lwamugira wa Bukoba na Chifu Makwaia kutoa ushahidi dhidi ya kuiunganisha Tanganyika na Kenya ya walowezi. Alikula mshahara wa serikali na akaitetea nchi yake kwa wakati mmoja. Kutoka kwenye vyama vya watu wa aina yake ndipo ilipotoka African Association ya 1929, ambayo baadaye iliitwa Tanganyika African Association, na kutoka humo TANU.

## Yenye ubishi

16. Ubaguzi wa rangi uliandikwa kwenye sheria, au ulikuwa desturi tu?

Yote mawili. Dar es Salaam iligawanywa kwa kanuni za ujenzi hata watu wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kulikuwa na sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa na mfanyabiashara bila idhini ya ofisa, kwa maelezo kwamba inamlinda. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja, na wa kwanza wawili, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka 1955 viti visivyo vya serikali viligawanywa 10 kwa 10 kwa 10. Waafrika zaidi ya milioni 8 wakawa sawa na Wazungu takriban 20,000. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kumpigia Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na ndiyo kura tatu. TANU ilijadili Tabora, Januari 1958, ikiwa isusie au ishiriki. Ikashiriki, ikashinda.

17. Kulikuwa na upinzani kabla ya TANU?

Ulikuwepo tele, na haukungoja chama. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena 1947. Upare kodi mpya iitwayo mbiru, iliyopandishwa kwa kukadiria mali ya mtu, iliwafanya maelfu waandamane hadi Same mwaka 1945 na kukaa huko. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia, wakidai waume zao warudi nyumbani. Kodi ikafutwa. Uluguru, mwaka 1955, watu walikataa kuchimba matuta ya ngazi na mpango ukaachwa.

18. Machifu waliondolewa lini?

Mwaka 1963, kwa sheria ya Bunge. Wachaga walitangulia: Mangi Mkuu Thomas Marealle, aliyesimikwa mwaka 1952, alikataliwa kwa kura mwaka 1960. Walioondolewa vyeo hawakutupwa wote. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri katika serikali ya kwanza, na Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

19. Babu yangu alikuwa jumbe. Nianzie wapi kutafuta habari zake?

Anza na wazee wa ukoo, uandike jina lake lote na jina la chifu aliyekuwa juu yake, maana kwenye makaratasi utampata kupitia chifu huyo. Kisha nenda Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, uulizie majalada ya wilaya yenu na kitabu cha wilaya, ambamo maofisa waliandika nasaba, mipaka na watawala. Karatasi za Hans Cory zimetunzwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Daftari za ubatizo za parokia husaidia sana kupata miaka. Aliye Uingereza aende Kew, London, penye Kumbukumbu za Taifa za huko, kwenye barua za Wizara ya Makoloni zilizopangwa chini ya alama CO 691.

Ukilipata jina lake, soma pia barua iliyotangulia na iliyofuata kwenye jalada, kisha rejea swali la 5 kabla hujaiamini nasaba iliyoandikwa humo.